Matundu ya Sindano

Karani wa dirisha la nne aliuliza
bila kuinua macho,
"Baba mtoto yuko wapi?"
kama mtu anayeuliza choo kiko wapi.

Nikasema, hayupo.
Akasema, "Hayupo si anwani, mama."

Basi ndivyo sheria ilivyo, Murunga:
ili nikuondoe, sharti kwanza nikutafute.
Mimi! Nikutafute wewe,
ambaye miaka saba hukutupitia
hata kwa kupotea njia.

Nikashuka Kayole, kwa yule kinyozi wako.
Akazima mashine, akacheka mpaka mteja akageuka:
"Ukimpata, mwambie nami namdai."
Nikapiga nambari ya zamani.
Mteja hapatikani kwa sasa.
Kwa sasa! Mashine nayo ina adabu zake.
Ya pili, ile uliyomwachia dada yako, ikaita;
nikakata kabla haijapokelewa.
Nikaituma shilingi kumi, nione tu
ni jina la nani litakalotokea.
Likatokea la Peninah fulani, nisiyemjua.
Baada ya dakika mbili akaandika:
Asante, Mungu akuzidishie.
Katika njia zote zilizokuelekea
huyo peke yake ndiye aliyeshukuru.

Kisha tangazo gazetini, upana wa vidole viwili,
baina ya hatimiliki iliyopotea
na lori linalopigwa mnada Industrial Area:
KWA MURUNGA, POPOTE ULIPO.
Nimewahi kukuandikia barua nyingi.
Hii ndiyo ya kwanza kulipia kwa sentimita.

Nikapanda ghorofa ya tatu, River Road,
lifti imekufa, ngazi zinanuka wino na chapati,
kuapa mbele ya wakili mwenye mafua
kwamba hujampa mtoto kitu.
Ulimi ukasita.
Kwa sababu kulikuwa na tikitimaji.
Jumapili moja, Jemima hajatimiza miaka mitatu,
uliingia nalo begani kama mtungi,
ukalipasua kwa kisu cha mkate,
mtoto akalala na mbegu shavuni.
Nikamuuliza wakili: tikitimaji nalo linahesabiwa?
Akapenga kamasi, akagonga muhuri.
"Mama, matunda si matunzo."

Milimani tulingoja tangu saa mbili.
Jemima alikuwa amevaa viatu vya Krismasi
na alihesabu vigae vya sakafu, akapoteza hesabu, akaanza upya.
Hakimu akamuinamia: "Wewe unataka kuitwaje?"
Mimi pumzi ikanikwama.
Yeye akasema,
"Mwalimu hutuita kwa alfabeti.
Murunga ni M, Mghoi ni M.
Nitabaki karibu na Mutheu. Ni sawa."
Hakimu akaandika jambo refu kuliko alichosikia.

Nikarudi dirisha la nne na amri mkononi.
"Mghoi?" karani akasoma. "Lakini hili ni jina la mama."
Ndiyo, nikasema. Yuko.
Ana anwani.

Usiku huo umeme ulikuwepo, kwa bahati.
Nikaitandaza sweta ya shule magotini,
ile ya kijani, fundi wa Biashara Street
alishona jina kifuani kwa uzi wa manjano.
Nikashika wembe, nikafumua taratibu,
A, G, N,
kila herufi ikitoka kama mwiba usiouma tena.
Jemima akaichukua, akaiinua mbele ya balbu.
"Mama, bado linasomeka."
Kweli. Uzi umetoka, matundu yamebaki,
na mwanga ulipita humo
ukiandika jina lako sakafuni, kinyumenyume.
"Yatajifunga tukifua?"
Labda, nikamwambia. Sufu ina subira yake.
Akaenda kulala, hakuonekana kujali.

Nikatunga sindano mara tatu, macho si yale.
Nikashona G, H, O, I juu ya matundu.
Ile M ya kwanza sikuifumua.
Haikuwa na kosa, na uzi wa manjano
siku hizi ni ghali.